Nimesimamishwa uongozi wa kwaya miezi mitatu, nikubali au nihame kanisa?

Tenori_wa_Pili

Bwana asifiwe wapendwa, na kwa wasio wa huko habari za jioni.

Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naombeni ushauri ila bila matusi maana humu nawajua. Mimi ni mwenyekiti wa kwaya na pia ndo mwalimu, mwaka wa tisa huu. Kanisa silitaji na dhehebu silitaji, lipo huku barabara ya Morogoro itoshe hapo. Kwaya niliikuta na waimbaji kumi na moja na kinanda kimoja ambacho funguo tatu hazilii, leo tuko 42 na tunaalikwa mpaka Kibaha na Bagamoyo, sisemi kujisifu nasema muelewe nimetoka nayo wapi.

Mwaka huu tukakubaliana sare mpya za Pasaka, kila mtu 35,000, hela inatumwa kwenye namba yangu ya simu kama tulivyozoea miaka yote. Mwezi wa kwanza si mnaujua, ada za watoto wawili, na mteja wangu wa Goba (mi ni fundi aluminiamu) nimemfungia madirisha nyumba nzima akawa ananizungusha, leo kesho, leo kesho. Nikachukua 600,000 kwenye ile hela ya sare nikalipa ada nikijua mteja akilipa narudisha. Na nilirudisha. Narudia tena NILIRUDISHA KILA SENTI.

Tatizo fundi wa sare kule Kariakoo akataka kishika uzo cha vitambaa mapema, mweka hazina akaniulizia hela nikamwambia mtandao unasumbua, ikapita siku kadhaa, badala ya kunifuata mimi kama kaka yake yeye akaenda kwa mchungaji. Nikaitwa. Mchungaji na wazee wa kanisa watatu. Uamuzi ni nikae pembeni miezi mitatu, nisisimame na kwaya, nikae kwenye mabenchi na waumini, na kwaya iongozwe na makamu ambaye ni binti wa miaka 26 niliyemfundisha mimi kutofautisha soprano na alto. Na ikatangazwa kwenye grupu la kwaya la WhatsApp kwamba nimepumzishwa "kwa ajili ya malezi". Malezi! Nina miaka 44.

Maandiko yanasema msiwaguse masihi wangu, yaani watiwa mafuta wa Mungu. Mimi nimetumika miaka tisa bila kulipwa hata nauli, leo natendewa kama mwizi wa kuku. Kuna rafiki yangu ana huduma mpya wamekodi ukumbi Kinyerezi, kaniambia njoo hata Jumapili hii uongoze sifa, kinanda kipo na spika mpya zipo. Mke wangu yeye anasema nikubali nikae.

Nawasilisha.

Ngurumo za Mbagala

Ngoja nikae hapa na karanga zangu wazee wa busara waje. Ila mkuu mtandao unaosumbua "siku kadhaa" ni mtandao gani huo nihame leo leo 😂

Mzee Mstaafu Kimara

Mwanangu, shalom. Mimi ni mzee wa kanisa kipindi cha pili, siyo kanisa lako usiogope, na vikao vya namna hiyo nimekaa vingi. Nitakwambia kitu ambacho kwenye kikao hakisemwi. Mtu akiingia mle ndani sisi wazee hatusikilizi sana alichofanya, kile tayari tunakijua, tunasikiliza anaanzia wapi kusema. Wewe hapa umeanza na kinanda kibovu na waimbaji kumi na moja. Hela imekuja aya ya tatu. Na ikaja imebebwa na mteja wa Goba, ada, fundi wa Kariakoo na mweka hazina.

Soma 1 Samweli 15 taratibu. Mfalme Sauli kaambiwa ateketeze kila kitu cha Waamaleki, akaacha ng'ombe na kondoo wanono, nabii Samweli anafika anapokelewa na "nimeitimiza amri" huku kondoo wanalia nyuma. Akibanwa anasema ni watu ndio waliwaacha. Halafu mwisho kabisa, baada ya kukiri, anaomba nini? Anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Sasa ukimaliza nenda 2 Samweli 12, mfalme Daudi na nabii Nathani. Kosa la Daudi ukilipima kwa mizani yoyote ni zito kuliko la Sauli, kalala na mke wa mtu na mume kauawa, lakini akiambiwa wewe ndiwe mtu huyo anajibu sentensi moja tu kwamba amemtenda Bwana dhambi. Hakuna Batsheba alioga wapi, hakuna vita vilikuwa vinanichosha.

Mimi sisemi wewe ni Sauli. Nakuuliza tu, ile malalamiko yako ya WhatsApp na binti wa miaka 26, ina tofauti gani na "uniheshimu mbele ya wazee"?

Na hela siyo kubwa kuliko neno "mtandao unasumbua". Ungesema siku ile ile, ndugu yangu nimekwama nimeitumia nipe wiki, pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kijana wa Sinza

Mi natofautiana na mzee hapo juu kwa heshima zote. Wachungaji wangapi mjini hapa wanaendeshea magari hela za sadaka na hakuna anayewaweka benchi miezi mitatu? Sheria ni kwa wanakwaya tu? Huyu jamaa kakopa karudisha, kosa lipo nakubali, ila kumtangaza kwenye grupu la watu arobaini ni kumdhalilisha. Kaka hamia Kinyerezi, Mungu ni mmoja, kipawa hakifungwi. Huko ulipo wakae na nidhamu yao tuone Pasaka wataimba nini.

Tenori_wa_Pili

Kijana wa Sinza asante angalau umenielewa.

Ngurumo za Mbagala

Mkuu kati ya majibu yote umemshukuru huyo tu 😂😂 basi sawa

Mama Wawili Tabata

Kaka Tenori pole kwanza, maana hayo mabenchi nimeyakalia.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa akina mama. Kosa langu halikuwa hela, lilikuwa mdomo. Mama mmoja mjane alikuwa anachelewa vikao na mimi nikamsema mbele ya wenzie kwa maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika, yule mama akaacha kuja kanisani. Nikaitwa nikaambiwa nipumzike miezi sita. Sita siyo mitatu! Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu tunahama kanisa Jumapili inayokuja, nikaenda kweli, Jumapili mbili, kanisa zuri, wananikumbatia mlangoni. Ya tatu mchungaji wao akanifuata kuniomba niongoze akina mama na hata jina langu la pili halijui. Nikaogopa. Nikajiuliza huyu mtu ananipa kondoo na hajaniuliza wale wa mwanzo niliwaachaje.

Nikarudi. Jumapili ya kwanza ni mbaya sikudanganyi, hujui pa kukaa. Miaka yote ulikuwa unaingia kwa mlango wa pembeni na faili mkononi, leo unaingia mlango mkubwa na watu na mhudumu anakuonyesha kiti kama mgeni. Nilikaa nyuma karibu na feni iliyoharibika. Ila kaka, ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miaka kusikiliza mahubiri bila kuwaza ratiba, chakula cha wageni, nani hajaleta maua. Nililia siku ile na siyo kwa sababu ya aibu.

Sasa nina swali moja kwako na unijibu kwa ukweli. Wale waimbaji ambao hawakumaliza ile 35,000 kwa wakati, wewe kama mwenyekiti uliwafanyaje?

Mhasibu wa Mtaa

Naweka upande wangu wa mahesabu kidogo maana naona wote mko kwenye roho.

Watu 42 mara 35,000 ni 1,470,000. Hela ya kikundi ya kiasi hicho kukaa kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, huyo huyo mwenyekiti, huyo huyo mwalimu, mweka hazina kazi yake ni kuuliza tu "imefika?", hilo kosa ni la kwaya nzima na wazee wa kanisa wanaojua na kunyamaza miaka tisa. Tenori hakuvunja mlango, mlango haukuwepo. Hiyo haimsafishi. Nasema tu miezi mitatu ikiisha akarudi na hela zikaendelea kuingia namba ile ile tutakutana humu tena mwakani mwezi wa kwanza.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wawili au watatu, kama hela zenyewe ndogo ndogo kuna hizi huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba, kutoa hela mpaka viongozi wengine waidhinishe na wanachama wanaona. Mweka hazina asome salio mbele ya wote kila mazoezi ya kwanza ya mwezi. Dakika mbili tu.

Na hili siyo kukosa imani. Billy Graham yule mhubiri wa Marekani mwaka 1948, hata hajawa maarufu wa dunia, alikaa na wenzake watatu Modesto, California, wakajiuliza wainjilisti wanaangushwa na nini, wakaandika mambo manne. La kwanza kwenye maelezo yake lilikuwa hela. Mengine ni wanawake, kuyasema vibaya makanisa ya mahali, na kutia chumvi kwenye idadi ya watu wanaohudhuria. Waliyaweka mapema kabla hawajaanguka na kabla hawajaitwa na mtu. Jamaa alihubiri miongo mingi baada ya hapo hakuna kashfa ya hela iliyomng'oa. Kujirudi mwenyewe kabla ya kurudiwa ni bei nafuu sana.

Msabato Kigamboni

Kwetu sisi mwongozo wa kanisa uko wazi kwenye hili. Mtu akiwekwa chini ya karipio ni mwezi mmoja mpaka miezi kumi na mbili, hapigi kura, hana cheo, hasimami mbele, ila hazuiwi ibada wala Meza ya Bwana. Yaani bado ni ndugu. Tenori umezuiwa Meza ya Bwana? Kama hujazuiwa basi hujafukuzwa, umepumzishwa kama walivyosema.

Tenori_wa_Pili

Sijazuiwa hapana. Meza nashiriki.

Niliyeumizwa

Naomba niingize sauti nyingine maana uzi usije ukageuka kila kiongozi akikunyooshea kidole basi ni Mungu anakurudi. Mimi nilisimamishwa ualimu wa Jumapili kwa kuuliza risiti za ujenzi. Kuuliza tu. Nilisomwa madhabahuni jina langu ibada zote mbili na wazazi wangu wamekaa pale, hakuna kikao, hakuna barua, hakuna mwisho wa adhabu. Huo siyo usimamizi wa kichungaji, ni kufunga watu midomo na Biblia.

Kwa hiyo Tenori kabla hujakubali au kukataa chunguza mambo ambayo mimi sikupewa. Uliitwa ukasikilizwa? Naona uliitwa. Tuhuma zina mashahidi? Paulo anamwambia Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili watatu, hiyo ni 1 Timotheo 5:19, halafu mstari wa 20 unasema wanaoendelea na dhambi wakemewe mbele ya wote, watu wanapenda kusoma mmoja wakaruka mwingine kutegemea wamekaa upande gani wa meza. Adhabu ina tarehe ya kuisha? Ya kwako inayo. Kuna mtu kapewa kazi ya kukutembelea hii miezi mitatu? Hapo ndo sijaona, na hilo kaombe, kwa barua ikibidi. Na hilo la grupu pia unaweza kwenda kumwambia mchungaji kwa upole kwamba limekuumiza, hakuna dhambi hapo, kurekebishwa siyo kuwa bubu.

Ila kwa jinsi ulivyosimulia, kaka, wazee wako wamefanya vizuri kuliko wangu mara kumi.

Kijana wa Sinza

Sawa na "msiwaguse masihi wangu" je? Au huo mstari siku hizi umefutwa?

Mzee Mstaafu Kimara

Haujafutwa mjukuu, ila usomwe na jirani zake. Zaburi 105 inaongea habari za Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wanatangatanga taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Mmojawapo wa wafalme hao ni Abimeleki wa Gerari. Sasa fungua Mwanzo 20 uone siku ile ilikuwaje. Abrahamu kadanganya kwamba Sara ni dada yake. Mungu anamtokea Abimeleki usiku anamwonya asimguse yule mwanamke, na asubuhi Abimeleki anamwita Abrahamu anamuuliza umetutenda nini, uliona nini hata ukafanya hivi? Yaani masihi yule yule wa mstari huo alikemewa kwa uongo wake, tena na mfalme wa mataifa, na Mungu hakumkataza Abimeleki kuuliza. Alimkataza kudhuru.

Na Daudi pangoni, 1 Samweli 24, yeye ndo wa kwanza kukataa kumnyooshea mkono masihi wa Bwana, yaani mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda. Kaua? Hapana. Kanyamaza? Pia hapana, katoka nje na kipande cha vazi mkononi anamwambia Sauli mbele ya majeshi yake kwamba unaniwinda bila sababu.

Halafu kuna mfalme Uzia wa Yuda, huyu viongozi wa kanisa hatupendi kumhubiri. Kaanza kutawala ana miaka 16, kajenga minara, kachimba visima, jeshi, mashine za vita, miaka hamsini na mbili kwenye kiti. Yaani kwaya yake ilikuwa inaalikwa mpaka Misri. Siku moja anaingia hekaluni kufukiza uvumba kazi isiyo yake, kuhani Azaria anamfuata na makuhani wenzake 80, wanamsimamisha. Bado alikuwa na nafasi ya kutoka. Ukoma ulimtoka kwenye paji la uso alipowakasirikia makuhani chetezo kikiwa mkononi, ni 2 Nyakati 26. Huwa najiuliza angeshusha tu kile chetezo ingekuwaje.

Ngurumo za Mbagala

Mzee Kimara wewe ukihubiri mimi nakuja na mwendokasi kabisa, na mimi ni Muislamu 😂 ila huku kwetu nako mambo ni hayo hayo, kiongozi wa jumuiya akiambiwa kakosea anaanzisha jumuiya yake.

Mjukuu wa Bukoba

Uzi mzuri. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Uamsho, wale walokole wa zamani. Wanaosoma historia wanajua ule uamsho mizizi yake ni Rwanda na Uganda, mwaka 1929 pale Namirembe Kampala alikutana Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, siku mbili wanasoma Biblia na kuomba pamoja, baadaye moto ukawaka Gahini Rwanda na ukavuka mpaka kwetu Bukoba. Askofu Josiah Kibira aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 naye ni tunda la uamsho huo huo.

Ninachotaka kusema, wale wazee walikuwa na kitu wanaita kutembea nuruni. Wanakutana kila wiki, na mtu anasema jambo lake yeye mwenyewe kabla hajatafutwa. Mchungaji anakaa pale pale na mpika chai na anasema la kwake pia, mzungu anamwomba radhi mwafrika enzi zile za ukoloni, fikiria. Bibi alituhadithia siku alipokwenda kwa jirani kurudisha kisu alichokiazima miaka na hakukirudisha, na yule jirani alikuwa hata hakikumbuki. Sisi watoto tukacheka. Bibi akasema alikuwa hanyoi nacho wala hakati nacho ndizi tena, kilikuwa kinamtazama.

Lilikuwa na ubaya wake pia sifichi, wengine waligeuza kuwa mashindano ya nani kaungama zaidi, na wengine wakawalazimisha watu kusema ya ndani ambayo hayakuwa ya kusemwa hadharani. Lakini kukosolewa kwao hakukuwa tukio la kuitwa ofisini, kulikuwa ni chakula cha kila wiki. Sisi tumebaki na ofisi tu.

Mama Wawili Tabata

Kaka Tenori bado sijajibiwa swali langu.

Tenori_wa_Pili

Nimesoma yote. Nimetoka nje nikarudi. Nimeandika nikafuta kama mara tatu.

Mama Wawili swali lako limenipata mahali ambapo hata wazee hawakunigusa. Kuna muimbaji wetu mmoja sauti ya kwanza, anauza vitumbua asubuhi karibu na kituo cha daladala. Alikuwa kalipa 20,000 bado 15,000. Kwenye mazoezi Jumamosi moja nilisoma majina ya wasiomaliza na nikamsimamisha yeye nikasema mbele ya wote kwamba watu wa namna hii ndo wanarudisha kazi ya Mungu nyuma, asiyeweza 15,000 hata sauti yake Mungu haihitaji. Nilisema hivyo. Alikaa chini akawa anakunja kunja ile karatasi ya noti za muziki. Siku hiyo nilikuwa tayari nimeshalipa ada ya wanangu na hela yake ikiwemo.

Na wakati nimeanza na ukweli niumalize. Siku kadhaa ni wiki tatu. Na siyo mara ya kwanza, mwaka juzi kwenye hela ya kukodi kosta ya kwenda Morogoro nilichukua 250,000 nikairudisha kabla hakuna aliyejua. Wazee hilo hawalijui. Nilipokuwa kwenye kikao nilikuwa nawaza wasije wakalijua, ndo maana hata walichokuwa wanasema sikukisikia vizuri, nilikuwa nalinda mlango mwingine.

Mchungaji pia hakusema nimeiba. Nikikumbuka vizuri alisema "tunataka kukurudisha, ndo maana hatukutoi". Neno mwizi nimelileta mimi hapa.

Kijana wa Sinza

Duh.

Kaka nafuta ushauri wangu. Siyo kwa sababu makanisa hayana matatizo, yanayo na ntarudi na uzi wangu, ila usiende Kinyerezi.

Niliyeumizwa

Hiyo ya mwaka juzi kamwambie mchungaji mwenyewe, usisubiri itafutwe. Nenda na mkeo. Inawezekana miezi ikaongezeka, jiandae kwa hilo. Na kule kwenye kwaya usiende kusimulia kila kitu kwa kila mtu, alichosema Mjukuu wa Bukoba kuhusu hadharani ni kweli, waulize wazee nani anahitaji kujua nini.

Mzee Mstaafu Kimara

Mwanangu, ile aya yako imeanza na "nilisema hivyo". Nimeiona.

Yule mwenye vitumbua usimwite ofisini, na usimtumie meseji. Mfuate anapouzia. Ulimsema mbele za watu, sasa na wewe usiende kujificha kumwambia. Usitaje ada, usitaje Goba. Na usimwombe aseme amekusamehe, hiyo ni yake na muda ni wake.

Mhasibu wa Mtaa

Na ile 15,000 yake usimlipie kimya kimya ukidhani umemaliza. Muulize kwanza. Watu wana heshima zao.

Ngurumo za Mbagala

Tenori leta mrejesho bwana usitukimbie. Karanga nimezimaliza.

Tenori_wa_Pili

Mrejesho, mfupi.

Kwa mchungaji nilienda Jumatano jioni na mama watoto. Alinyamaza muda mrefu halafu akauliza ile 250,000 kwenye daftari iliandikwaje, tukaanza kupekua. Miezi imekuwa minne siyo mitatu, na kuna mzee mmoja atakuwa anakuja nyumbani kila Alhamisi. Niliomba mimi. Hela za kwaya zinahamia akaunti, namba yangu wameshaitoa kwenye grupu. Rafiki wa Kinyerezi nimemwambia siji, kanuna kidogo.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nimeenda kituoni. Watu wengi wanagombania daladala na yeye anageuza vitumbua hata kichwa hanyanyui. Nikasimama foleni kama wateja wengine. Zamu yangu ilipofika nikasema niliyokuja kusema, kulikuwa na konda na dada wawili wa saluni wanasikiliza, sauti ilinikauka katikati nikamalizia hivyo hivyo. Kuhusu ile 15,000 akasema ataimaliza mwenyewe mwisho wa mwezi. Halafu akaniuliza, "Kaka vingapi?"

Nikasema kumi. Ni 2,000, nikampa noti ya 5,000. Akafuta mikono kwenye kanga, akanihesabia chenji mkononi taratibu noti moja moja, elfu moja, mbili, tatu, akanitazama mpaka nikafunga kiganja. Kisha akamgeukia mteja wa nyuma yangu.